Kipande cha Raya

Jumatano. Tangu asubuhi mji umefunikwa na vumbi, milima haionekani, na jua lilikuwa kama sahani ya shaba isiyosuguliwa. Kichwa kinaniuma. Nimerudi kwangu Azaiba, nimesali Maghrib, nimekaa mezani na buibui langu bado liko mwilini. Udongo wa Mabela, wa uani kwa Bibi, uko chini ya kucha. Nilinawa kwa ajili ya udhu tu, sikusugua.

Nataka kuyaandika haya leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Leo tumemzika Raya kwa mara ya pili.

Kwa asiyenijua: nafanya kazi maabara, na kazi yetu ni kuchapa tishu za binadamu. Mashine ni printa kweli, ila wino wake ni jeli laini iliyochanganywa na seli hai za mtu. Sindano inashuka, inachora mstari, juu yake mstari mwingine, mpaka kinapatikana kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, chenye unene wake. Tunakiweka kwenye kabati lenye joto la mwili na tunakilisha. Ndani yake uvimbe wa saratani unakua kama ulivyokuwa ukikua kwa mwenyewe, umezungukwa na seli nzima za mtu yule yule. Lazima uvimbe uzungukwe na wa kwao. Saratani ikilazwa peke yake kwenye sahani ya plastiki inakuwa na tabia nyingine, na dawa inayoiua hapo inaweza kushindwa kabisa mwilini. Ikiwa na majirani zake ndipo inapofanya mambo yake ya kweli. Hapo tunaijaribia dawa.

Nikiwaeleza watu haya kwenye harusi husema mashaallah na kuuliza kama siku moja tutachapa moyo. Huwa siwaambii kwamba kila kipande kina mtu.

Raya alikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa Bibi. Alinipita miaka michache tu, kwa hiyo tulikua kama dada, na Bibi alichoka kunigombeza nimwite mama mdogo. Aliishi Mabela na Bibi pamoja na binti yake Samira. Kazi yake ilikuwa kupaka maharusi hina. Nusu ya mabibi harusi wa ukoo wetu wameingia ndani na maua ya Raya mikononi, na alikuwa na mdomo: bibi harusi akilia, Raya humwambia asimharibie kazi kwa machozi, na yule hucheka.

Alipougua titi na kuambiwa atapasuliwa, daktari wake alimwomba kitu. Kama yuko tayari, sehemu ya uvimbe ipelekwe utafiti badala ya kutupwa. Kwa kawaida sisi hatujui vipande ni vya nani. Vinakuja na namba. Raya akasema yeye atatoa kwa sharti moja, nijulishwe, nimshughulikie mimi. Wakubwa wakazungumza wakakubali.

Baada ya kupasuliwa alikuja maabara kuona. Alisimama nyuma ya kioo akaitazama ile sindano inavyopita, inarudi, inapita, inaacha uzi mwembamba wa jeli. Akasema, "Nnaona mashine yenu imenipokonya kazi." Akacheka mpaka akajishika pale walipomshona.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Tulimwosha mimi na mama na Samira. Nilimmiminia maji mimi.

Matanga yalipokwisha nikarudi kazini. Nikafungua lile kabati, na vipande vyake viko pale pale kwenye maji yao ya chakula yenye rangi ya waridi, vimenenepa. Mwenzangu alikuwa amevilisha nilipokuwa sipo. Seli hazikuwa na habari. Raya amekufa, amesaliwa, watu wamekula msibani wakaondoka, na hizi zinaendelea kugawanyika.

Tangu siku ile sijatulia.

Najua ninachokiona kwenye hadubini. Nimesomea, na ninaweza kukutajia kila kitu kwa jina lake. Lakini nikiinama pale, mara nyingine nasikia harufu ya karafuu na mafuta ya hina, ile aliyokuwa akikaa nayo kwenye vidole. Nimemuuliza mwenzangu wa meza ya pili kama anasikia kitu, akasema anasikia dawa ya kusafishia sakafu tu. Sikumuuliza tena. Nimekuwa mtu wa kugeuka geuka. Nafunga mlango wa kabati, halafu naurudia kuhakikisha nimeufunga, halafu nakaa naufikiria.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika kile kipande, kinachostawi zaidi ni ule uvimbe. Seli nzima zinachoka, zinahitaji kubembelezwa. Uvimbe haubembelezwi. Kwa hiyo kila ninapomimina chakula kipya najua namshibisha nani. Nalilisha lililomuua Raya, kwa mkono ule ule uliomwosha, na kama halikuongezeka nasikitika kwa sababu kazi itaharibika.

Mambo yalifumuka Ijumaa, kwenye chakula cha mchana Mabela. Tumekaa chini, watu wa nyumbani tu, mama anapakua wali. Bibi alikuwa hajala. Akaweka kijiko, akanitazama.

"Thuraya, nnakuuliza na unijibu. Raya yuko kwako?"

Mama akamwambia Bibi ale kwanza. Bibi akasema hajamuuliza yeye. Kumbe Raya mwenyewe alimwambia siku zake za mwisho, kama mzaha wa kumtuliza, kwamba asilie sana, yeye hatoondoka kabisa, ataendelea kuwepo kazini kwa Thuraya, analishwa na kutunzwa. Bibi amekaa na maneno hayo tangu msiba. Samira aliniambia baadaye kwamba usiku Bibi haombi tena maiti wake wapumzike. Anauliza ukutani kama mtu ambaye sehemu yake bado iko juu ya ardhi anaweza kupumzika.

Nikamjibu kuwa ndiyo, ziko seli zake, ziko hai. Nikaanza kueleza faida ya utafiti, nikasikia sauti yangu inavyosema kama kwenye mkutano, nikaishia hapo.

Bibi akasema anataka kuja kuona. Hakuna aliyembishia.

Mkuu wetu, Dokta Ibtisam, ni mwanamke mkali wa kazi na mpole wa maneno. Nilidhani atakataa. Akafikiri, akasema mama ana haki ya kuangalia. Jumapili asubuhi Samira akamleta. Tulimvisha Bibi koti la buluu juu ya buibui na kifuniko cha nywele juu ya mtandio, na vifuniko vya viatu. Amepungua tangu msiba, lile koti lilikuwa linaburuta chini. Dokta Ibtisam akamwamkia kwa Kiarabu, akamshika mkono mpaka kwenye kiti, akatuachia chumba.

Nilimwekea kipande chini ya hadubini, nikamshushia kiti. Mwanzo hakuona kitu, aliona kope zake mwenyewe. Nikamsogeza kidogo. Halafu nikamwona ametulia. Samira alikuwa nyuma yetu ameegemea ukuta, hakukubali kuangalia.

Bibi akauliza, bila kuinua kichwa, kama anayemwona ni Raya au ni maradhi yake.

Nikamwambia wote wawili. Lile fundo jeusi la katikati ndilo maradhi. Zile za pembeni, nyembamba nyembamba, zilizolala kama nyuzi, hizo ni za Raya mwenyewe, nzima. Bibi akaziangalia nyuzi zile muda mrefu sana. Nilimwona anasogeza midomo.

"Wanaumwa?"

"Hapana, Bibi. Hawana cha kuumia. Hawajui kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya nyumbani, kwamba basi nimtolee wale wazima ampeleke akazikwe, na yule mgonjwa tubaki naye sisi, tumfanye tutakavyo. Nikamweleza kwamba haiwezekani. Tukiwatenga, mgonjwa atatudanganya. Lazima abaki kati yao ndipo tujue dawa gani inamshinda. Sikumwahidi kwamba itamponya mtu. Nilimwambia sijui, pengine kitapatikana kitu, pengine hakitapatikana, na hata kikipatikana mimi nitakuwa nimeshazeeka.

Bibi hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, na mimi katika muda wote huu sikuwahi kuliona likija.

"Na mkishamaliza nao, mnawapeleka wapi?"

Ningeweza kusema vinahifadhiwa. Samira ananiambia hata yeye alitamani niseme hivyo. Nikamwambia kweli: kipande kikishamaliza majaribio kinatiwa kwenye mfuko wa manjano pamoja na taka nyingine za hospitali, na mifuko ile inachukuliwa, inachomwa.

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini.

"Mmemchoma mwanangu," Bibi akasema.

Hakuipandisha sauti. Alivua lile koti la buluu mwenyewe, akalikunja vizuri kama nguo ya mgeni, akaliweka juu ya kiti. Samira alishaanza kulia. Mimi nilibaki nimesimama na glavu mkononi. Nimefanya kazi hii miaka, nimefunga mifuko ile kwa mkono wangu, na neno kuchoma halikuwahi kunigusa. Ni taratibu, na ni taratibu nzuri, zinawalinda watu. Lakini kwetu maiti haichomwi. Hata ukucha uliokatwa Bibi huufukia.

Nje, kwenye kivuli cha maegesho, Bibi akanishika mkono kabla hajaingia garini. Nikajua anataka tusimamishe yote, na nilikuwa tayari kumkubalia. Dokta Ibtisam alishaniambia kwamba ingawa Raya aliridhia mwenyewe, familia ikitaka kazi isimame atasimamisha.

Bibi hakusema hivyo. Alisema Raya alikuwa mtu mzima, ametoa chake kwa ulimi wake, na yeye hawezi kurudisha mkono wa maiti. "Endeleeni. Lakini kumpeleka motoni, basi. Kila anayemaliza kazi, niletee mimi."

Siku mbili zilizofuata Dokta Ibtisam alishinda kwenye simu na watu wa usalama na watu wa kamati. Sikujua kama atafanikiwa, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Jana mchana akanijia mezani akasema wamekubali, ilimradi kisitoke chochote kilicho hai na kisitoke na sumu. Kipande kiuliwe kwa joto, ndani ya jengo, mbele ya shahidi, ndipo nikabidhiwe.

Kiuliwe. Sikuwa nimelifikiria hilo pia. Huwezi kuzika kilicho hai.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, vumbi likiwa limeziba madirisha, nilikitoa kipande kimoja kilichomaliza majaribio. Nilikiangalia kwanza. Kilikuwa kizuri, Mungu anisamehe, ni miongoni mwa vipande vizuri nilivyowahi kuchapa. Nyuzi za pembeni zilikuwa zimejipanga. Nikakitia kwenye chupa ndogo, nikaiweka chupa kwenye mashine ya mvuke, nikafunga mlango. Dokta Ibtisam alisimama upande wangu kama shahidi. Niliposhindwa kubonyeza hakunihimiza. Alianza kusoma Fatiha taratibu, na alipofika katikati nikabonyeza.

Nilimwosha Raya akiwa ameshakufa. Leo ndiyo mara ya kwanza nilikuwepo anapokufa.

Najua si hivyo. Najua Raya alikwisha kufa hospitali, mchana, na Samira amemshika miguu. Nikiandika sentensi ile mwanasayansi aliyemo ndani yangu anaona haya. Lakini nilikuwa nimesimama pale, nikisikia mvuke, na hilo pia ni kweli.

Chupa ilipopoa nikatoa kile kipande. Kilikuwa kimesinyaa, kimekuwa cheupe kama utando wa maziwa. Nikakifunga kwenye kitambaa cha pamba. Samira akanipitia baada ya Adhuhuri, na njia nzima mpaka Mabela nilikiweka kwenye mapaja, mikono miwili juu yake. Kwenye taa za barabarani alikuwa ananyoosha mkono anagusa kile kitambaa kwa kidole, halafu taa zinawaka kijani.

Mjomba alikuwa ameshauliza kwa watu wanaojua, akaambiwa si lazima kaburini, inatosha kufukiwa mahali pasafi pasipokanyagwa na watu. Bibi alikwisha chagua mahali: uani, kwenye pembe ya ukuta, mbali na bomba. Hakutaka mwanamume amchimbie. Alikaa chini juu ya mkeka, akachimba kwa kijiko kikubwa cha chuma cha kupakulia, na udongo wa Mabela si laini, ni changarawe tupu. Nilipotaka kumsaidia akaniachia upande mmoja, nikachimba kwa vidole. Mama alisimama mlangoni. Hakushuka.

Bibi alikipokea kile kitambaa kwa viganja viwili. Hakukifungua. Alikipima tu, kama mtu anayepokea kitoto, na uso wake ulionyesha kushangaa. Nafikiri alitarajia kizito zaidi.

Akakiweka, akakifukia, akaweka na jiwe. Akaomba dua kwa sauti ya chini. Vumbi lilikuwa linatushukia sote, juu ya mitandio, juu ya mkeka, na kila kitu kilikuwa na rangi moja.

Samira akaingia ndani kutia maji ya chai. Tukabaki wawili. Bibi alikuwa bado chini, anapapasa udongo kuusawazisha, ingawa ulikwisha kuwa sawa. Ndipo akaniuliza, na nadhani alingoja makusudi Samira aondoke.

"Ile mingine ya nyuma, ulikuwa unaipeleka wewe?"

"Mifuko? Ndiyo, Bibi. Mimi."

Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata angeniambia nisikanyage tena nyumba ile ningeondoka. Mkono wake ulisimama juu ya jiwe.

"Basi hakupelekwa na mtu baki."

Akanipa mkono nimwinue. Tulipofika ndani akaninyooshea kikombe cha chai kama siku zote, akamgombeza Samira kwa sukari, na habari ile ikaishia hapo. Mimi ndiye ambaye haijaniishia. Nimekaa hapa tangu Maghrib naligeuza lile neno. Wakati mwingine naona amenipa radhi. Wakati mwingine naona amenibebesha Raya mzima mzima, wa kabatini na wa motoni na wa uani, na amenibebesha kwa sababu hakuna mwingine wa kumbeba.

Vimebaki vipande vyake vingine, na vinahitaji chakula kila asubuhi. Dawa tunayoijaribu sasa imeanza kuusumbua ule uvimbe kidogo, kidogo sana, na leo nilipoona hivyo nilifurahi kwa namna iliyonitisha. Ukifa ule, vipande vitakuwa vimemaliza kazi, na Raya naye atakuwa amekwisha. Hakuna njia ya kumuua mmoja peke yake.

Kesho nitafika mapema kabla ya wenzangu, nilifungue kabati peke yangu. Nimejiambia ni kwa ajili ya kazi. Ningependa kujua kama nasema kweli.